SOMO LA KIKUNDI: TUKIALIKWA WARSHA YA WATAFITI



Barua ya mwaliko ikifika, mara nyingi swali la kwanza ni, posho ni ngapi? Halafu twamtuma mwenyekiti, kwa sababu ni mwenyekiti. Anarudi na kalamu na faili, mambo yanaishia hapo. Hata sisi wa ofisi ya maendeleo tumekosa hivyo: tumewahi kumpeleka mtu asiyelima akasikilize habari za mahindi.

Warsha si baraza la hotuba. Mtafiti, mkulima, mfugaji na muuza mbegu huketi pamoja ili ujuzi wa kazi moja usaidie kazi nyingine.

Tuangalie Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 watafiti wa wadudu wa ICIPE, pamoja na wenzao wa KARI (leo KALRO) na wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakipambana na funza anayetoboa bua la mahindi. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari, harufu yake imfukuze nondo anayetaga mayai ya funza, na napia kuzunguka shamba imvute huko nje. Ndiyo sukuma-vuta. Desmodiamu ni chakula cha ng'ombe, kazi ya wafugaji hiyo. Kumbe ilipopandwa, kayongo nalo likapungua sana! Mizizi yake huamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia zisishike mzizi wa hindi, nazo zinakufa. Mbegu hizo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, na anayeling'oa kwa mkono kila msimu anajua uchungu wake.

Habari zilikwenda upande wa pili pia. Wakulima wa sehemu kavu walisema mimea ile haivumilii ukame, ndipo watafiti wakatafuta nyasi ya brakiaria na desmodiamu nyingine inayostahimili jua. Bila mkulima kusema, nani angejua?

Basi mkialikwa, ketini kwanza. Mchagueni mwenye shida yenyewe shambani, hata kama ni mama asiyezoea kusema mbele ya watu. Mpeni swali moja la kikundi. Abebe bua lililotobolewa, limefungwa kwa gazeti. Kayongo lenye mbegu aliache nyumbani, maana mbegu zake ni kama vumbi, atazieneza njia nzima. Aulize na gharama: mbegu ya desmodiamu ni ghali, lakini vipande vya shina lake vyaweza kupandwa, na jirani mwenye shamba anaweza kuwagawia.

Akirudi, aoneshe shambani juma hilohilo, kabla hajasahau.

Ya kujadili:
Nani alikwenda warsha ya mwisho, na alituletea nini?
Kati yetu nani ana ng'ombe lakini hana mahindi mazuri, na nani ana mahindi lakini hana majani ya ng'ombe?
Swali gani letu hakuna mtafiti aliyewahi kulisikia?