Kufunga Servo katika Ndege Iliyoundwa Nyumbani



Katika Marekani mtu huruhusiwa kuunda eropleni yake mwenyewe nyumbani, na chama cha waundaji hao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953. Huko Oregon nilimsaidia rafiki yangu kuunda ndege ya watu wawili, namna ya RV-7, nami nikapewa kazi ya kufunga servo. Nataka kuwaeleza kazi hiyo, maana ndani yake mna hesabu mnazofundishwa darasani.

Servo ni mota ndogo ya umeme yenye mkono mfupi. Ndege ikilala upande, otopailoti, yaani rubani wa mashine, huiamuru servo, nayo husukuma fimbo iliyoungwa na mitambo ya eleroni, vile vibawa vidogo vilivyo nyuma ya mabawa, mpaka ndege ikae sawa. Jambo hili si geni. Mwaka 1914, karibu na Paris, Lawrence Sperry alipita mbele ya watu akiwa ameinua mikono juu, na ndege yake ikaruka bila kuyumba.

Lakini hatari iko hapa: fimbo hiyo imeungwa pia na usukani wa rubani. Servo ikikwama, usukani nao hukwama, na huko juu hakuna mahali pa kusimama ukatengeneze.

Servo nyingine zina skrubu ya shaba iliyofanywa dhaifu makusudi. Rubani akivuta kwa nguvu, skrubu hukatika, usukani ukawa huru. Je, hiyo yatosha? Haitoshi. Mkono na fimbo vikinyooka mstari mmoja, nguvu yote hupita katikati ya ekseli, wala hakuna nguvu ya kuzungusha. Basi skrubu haikatiki, na mkono waweza kupinduka upande wa pili ukakaza.

Kwa hiyo tulipima kwanza. Fimbo ilisogea milimita 24 kila upande. Tundu la kwanza la mkono lilikuwa milimita 25 kutoka katikati ya ekseli. Gawanya 24 kwa 25, upate 0.96, katika jedwali la sine hiyo ni karibu digrii 74. Digrii 90 ndipo mahali pa kukwama, nasi hatukutaka kupita digrii 60. Tundu la pili lilikuwa milimita 30: 24 kwa 30 ni 0.8, yaani digrii 53. Tukachagua hilo. Nguvu ya servo ilipungua sehemu moja katika sita, lakini usalama uliongezeka.

Baadaye fuata mambo haya:

1. Weka washa pana juu ya kila beringi ya fimbo, ili beringi ikivunjika fimbo isichomoke.

2. Kaza nati kwa kipimo, kisha tia pini ya kuizuia isilegee.

3. Umeme ukiwa umezimwa, peleka usukani mpaka mwisho kila upande, mwenzako akitazama fimbo isiguse waya wala bati.

4. Washa mashine, uiamuru igeuke kushoto. Usukani ukienda kulia, servo inafanya kinyume, usiruke kabisa.

5. Mashine ikiwa inashika, ishinde kwa mkono wako. Kisha bonyeza kifungo cha kuikata, uone kama inaachia mara moja.

Rafiki yangu aliona jaribio la tatu ni kupoteza wakati, kwa kuwa tulikwisha piga hesabu. Nilimjibu kwamba hesabu hupima tulichokusudia, bali macho hupima tulichofunga. Tukalifanya mara tatu.

Tahadhari kabla ya hatari. Otopailoti ni mtumishi mwema, hachoki wala hasinzii. Lakini mtumishi asiyeweza kuondolewa kazini amekuwa bwana. Fundi mwema huhakikisha kwamba rubani anaweza kumwondoa wakati wowote apendao.