SOMO: KUKESHA PAMOJA NA MAJIRANI

Maandiko ya kusoma: Nehemia 4 na 7:1-3, Kutoka 22:2-3, Mathayo 24:43

Mara nyingi tumehubiriwa juu ya mwizi ajaye usiku, kwamba ni mfano wa kuja kwake Bwana. Ni kweli. Lakini leo tutamtazama mwizi mwenyewe, yule anayezunguka Buterere na Kinama umeme ukikatika.

Tuanze na neno moja tulilofundishwa shule ya Biblia. Katika Kiebrania na Kigiriki, andiko la Kutoka na lile la Mathayo yanasema juu ya kuchimba, yaani kutoboa ukuta. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo, na mwizi hakuhangaika na mlango. Mama aliyepanga nyumba ya rukarakara hahitaji mwalimu wa kumweleza hilo. Mwizi humwaga maji ukutani, hungoja tofali lilainike, kisha huchimba polepole bila kishindo. Mvua ikipiga mabati ndiyo saa yake nzuri, maana hakuna anayesikia. Kwa hiyo kufuli kubwa peke yake halitoshi. Jioni zunguka nyumba, hasa upande wa nyuma. Ukikuta ukuta umelowa na mvua haikunyesha, au tofali limekwanguliwa, usiingie kulala kabla ya kumwita jirani. Usiache simu wala nguo karibu na dirisha, maana fimbo ndefu yenye ndoano huzifikia wewe ukiwa usingizini. Kadi ya ukimbizi na karatasi za watoto zisikae katika mkoba mmoja na pesa. Zikiibiwa, toa taarifa polisi kwanza, kisha uende ONPRA na ile karatasi ya polisi.

Tusifikiri kwamba mwizi huanza kazi usiku. Nyumba huchunguzwa mchana. Mtu anabisha hodi na kuuliza jina la mtu asiyekaa hapo. Kesho yake anakuja mwingine na jina lingine. Na Jumapili asubuhi sisi wenyewe tunamtangazia kwa kipaza sauti kwamba nyumba zetu ni tupu! Tunashauri kila lupango liache mtu mzima mmoja kwa zamu, na yule anayebaki asihesabiwe kuwa amekimbia ibada.

Nehemia alifanya hivyo. Watu wake hawakuwa askari. Walikuwa watu waliorudi kutoka uhamisho, wengine mafundi, wengine wafanyabiashara. Alipoweka zamu, alimweka kila mmoja kuelekea nyumba yake mwenyewe. Hapo pana hekima. Anayekaa mahali anajua mbwa gani hubweka bure na nani hurudi kazini saa nne za usiku, na kwa sababu hiyo anatambua jambo lisilo la kawaida. Hapa Bujumbura tuna nyumbakumi. Ndugu waliopitia Nyarugusu wanakumbuka sungusungu wa kambini, jina lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania walioanza kulinda vijiji vyao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama nyumbakumi wako hajui jina lako, usiku ukipiga kelele atajuaje ni wewe?

Sasa tufike penye ugumu. Sisi ni wageni, na mgeni ndiye hutazamwa kwanza kitu kikipotea. Februari 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka kutoka Kivu Kusini kuingia Burundi, na baadhi ya jamaa zetu wamefikia katika vyumba vyetu. Jirani anaona sura mpya tatu kwenye lupango na hakuna aliyemwambia kitu. Je, tumlaumu akiogopa? Mgeni akifika, mpeleke kwa nyumbakumi asubuhi ile ile, na jina lake liandikwe katika kaye ya nyumba. Nasi vilevile tutazame tendo, tusitazame kabila wala lugha. Kijana anayejaribu milango usiku anatia shaka. Kijana anayesema Kirundi tusichokielewa hatii shaka kwa hilo tu.

Tunasema haya tukijua vidonda vilivyopo. Usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 waliuawa kambini Gatumba, karibu na mji huu. Wapo kati yetu ambao tangu hapo hawalali usingizi mzito. Woga wao tusiucheke, lakini pia tusiuache utoe hukumu.

Maana hukumu za usiku ni za hatari. Sauti ikipigwa "Igisuma!" vijana hutoka na mawe kabla ya kuuliza. Soma Kutoka 22 polepole. Mwizi akipigwa gizani hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Jua likiwa limekwisha kuchomoza, anayo hatia, na mwizi anapaswa kulipa alichoiba. Kwa nini? Gizani mwenye nyumba hawezi kujua kama huyu amekuja kuiba au kuua. Mchana anaona, na anaweza kuita watu. Basi mtu aliyefungwa kamba na kuzungukwa na wanaume ishirini wenye tochi, kwake jua limekwisha kuchomoza, hata kama ni saa nane za usiku. Apelekwe kwa nyumbakumi na polisi akiwa mzima. Tukumbuke pia kwamba anayekimbizwa anaweza kuwa mkimbizi aliyefika juzi, aliyepotea njia, asiyejua Kirundi cha kujieleza.

Vikundi vya Jumatano vijadili: Katika lupango lenu, ni nani anayebaki Jumapili hii? Na kama kijana wa kanisa letu akishikwa ndani ya nyumba ya mwenyeji, tutasimama wapi, na tutamwambia nini mwenye nyumba?