Kuacha, kutelekeza, kuachia: kauli za kitenzi katika malalamiko ya mashabiki wa LucasArts

1. Swali

Tarehe 3 Machi 2004, kampuni ya Marekani LucasArts ilitangaza kwamba imesimamisha utengenezaji wa mchezo wa kompyuta Sam & Max: Freelance Police. Mchezo huo ulikuwa umekwisha kuonyeshwa hadharani mwaka uliotangulia, na ulitarajiwa kutoka mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2004. Mashabiki walikasirika, na maelfu yao walitia majina kwenye ombi la kuutetea. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado kisa hiki husimuliwa kwa maana ileile: tuliachwa.

Makala hii inalichunguza neno hilo. Tukisema "kampuni imeuacha mfululizo wake", tunasema nini hasa? Na shabiki anayesema "tumeachwa" anadai nini? Hoja yangu ni kwamba malalamiko haya yanachanganya mambo matatu ambayo Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha: kuacha, kutelekeza na kuachia. Tukiyatenganisha tutaona ni dai lipi la haki na ni lipi lisilo na msingi. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Sidhani kuna kati yetu kitivoni mwenye upande katika ugomvi huu, kwa hiyo tunaweza kuupima kwa utulivu.

2. Kisa kwa ufupi

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya visa na mafumbo. Mchezaji anaongoza mhusika, anaokota vitu, anazungumza na watu, na hadithi husonga mbele pale fumbo linapofumbuliwa. LucasArts, ambayo hapo awali iliitwa Lucasfilm Games, ilijenga jina lake kwa michezo ya aina hiyo: Maniac Mansion (1987), Loom na The Secret of Monkey Island (1990), Day of the Tentacle na Sam & Max Hit the Road (1993), Full Throttle (1995), Grim Fandango (1998). Kampuni hiyohiyo ilitengeneza pia michezo ya Star Wars, iliyokuwa na soko kubwa zaidi. Grim Fandango ilisifiwa sana na wahakiki lakini haikuuzwa kama ilivyotarajiwa. Baada ya Escape from Monkey Island ya mwaka 2000, LucasArts haikutoa mchezo mwingine mpya wa kundi hili la zamani. Muendelezo wa Full Throttle ulifutwa mwaka 2003, na wa Sam & Max ukafuata miezi michache baadaye.

3. Mchezaji kama kiima

Kabla ya kufika kwenye malalamiko, tutazame lugha ya michezo yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini uchungu ulikuwa mkubwa hivyo.

Katika Maniac Mansion, sehemu ya chini ya skrini ilijaa vitenzi 15: fungua, funga, sukuma, vuta, soma, toa, tumia na vinginevyo. Mchezaji alibonyeza kitenzi, kisha akabonyeza kitu kwenye picha, na sentensi ikajiunda mbele ya macho yake. The Secret of Monkey Island ilikuwa na vitenzi 12, na mchezo wa pili wa mfululizo huo ulibakiwa na 9. Kwa mwanaisimu, hiyo ni sarufi ndogo kamili. Kitenzi kama "fungua" kinahitaji yambwa moja. "Toa" kinahitaji kitu na mpokeaji. "Tumia" kinaweza kudai vitu viwili, na programu ilisubiri hadi nafasi zote zijazwe.

Nafasi moja haikuandikwa kamwe kwenye skrini: kiima. Haikuhitajika, kwani mtenda alijulikana: ni mchezaji. Kila hatua ya hadithi ilipita katika sentensi aliyoiunda yeye. Hata mapigano ya upanga katika Monkey Island hayakuamuliwa kwa wepesi wa vidole. Adui alitoa tusi, nawe ulichagua jibu. Aliyejua kujibizana ndiye aliyeshinda. Mtazamaji wa filamu hupokea sentensi zilizokwisha kutungwa. Mchezaji wa michezo hii alikaa miaka mingi akiwa mtenda.

4. Tangazo lisilo na mtenda

Tangazo la Machi 2004 lilikuwa fupi. Kwa maneno yangu mwenyewe, lilieleza kwamba baada ya kutathmini hali ya soko na masuala ya kiuchumi, kampuni iliona kuwa huo haukuwa wakati wa kufaa kutoa mchezo wa aina hiyo kwenye kompyuta. Kampuni ilijitaja kama iliyoamua, lakini sababu ilibebwa na nomino mbili: soko na wakati. Mashabiki hawakuwa na nafasi katika sentensi hiyo, hata ile ya yambwa.

Kiswahili kingeweza kulieleza tukio hili kwa njia kadhaa. Tulinganishe:

(a) Kampuni imeuacha mfululizo.
(b) Mfululizo umeachwa na kampuni.
(c) Mfululizo umeachika.
(d) Balituacha.

Katika (a) mtenda yuko mbele. Katika (b), kauli ya kutendwa, mtenda amerudi nyuma lakini bado anaweza kutajwa kwa "na". Katika (c), kauli ya kutendeka, mtenda hana nafasi: "mfululizo umeachika na kampuni" ni sentensi ambayo masikio yetu huikataa. Hali inaonekana kana kwamba imejitokeza yenyewe. Si bure kwamba tunasema mke "ameachika" pale tusipotaka, au tusipothubutu, kumtaja mume. Sentensi (d) ni ya Kiswahili tunachozungumza mitaani hapa Kongo. Kiambishi ba- hapo kinamtaja mtenda bila kumpa jina: wao, wale, wakubwa. Tena yambwa imebadilika. Katika (a) hadi (c) kilichoachwa ni mfululizo. Katika (d) walioachwa ni sisi.

Tangazo la kampuni liko karibu na roho ya (c), ingawa halikuandikwa hivyo: mambo ya soko yamefika yalipofika. Kilio cha mashabiki kiko katika (d). Pande mbili zilikuwa zikizungumzia tukio moja kwa sentensi zisizo na mshiriki hata mmoja wa pamoja.

5. Mambo matatu

Kuacha. Dai la kwanza ni kwamba kampuni haikupaswa kusimama. Dai hili ni dhaifu. Kuacha kazi ni haki ya anayeifanya. Ron Gilbert, aliyeongoza michezo miwili ya kwanza ya Monkey Island, aliondoka mwaka 1992 huku mwisho wa mchezo wa pili ukiwa fumbo lisilofafanuliwa. Tim Schafer, aliyeongoza Full Throttle na Grim Fandango, naye aliondoka na kuanzisha studio ya Double Fine mwaka 2000. Hakuna anayewaita wasaliti. Aliyenunua mchezo wa mwaka 1993 aliupata. Hakununua ahadi ya mwaka 2004.

Hapa inafaa kukumbuka pia kauli ya kutendesha. Tunasema mtoto "ameachishwa kunyonya" na mfanyakazi "ameachishwa kazi". Shabiki huhisi yuko katika hali ya kwanza, lakini wako watu waliokuwa katika hali ya pili. Mwaka 2013 kampuni ya Disney, iliyokuwa imeinunua Lucasfilm mwaka uliotangulia, ilifunga kazi ya kutengeneza michezo ndani ya LucasArts. Mwaka 2018 studio ya Telltale, nitakayoirudia hapa chini, iliachisha kazi sehemu kubwa ya watu wake kwa siku moja. Masimulizi ya mashabiki husema "tuliachwa" na kuwasahau walioachishwa. Sentensi hiyo ina kiima kimoja tu kilichoumia, na hilo ni pungufu.

Kutelekeza. Kitenzi hiki hakitofautiani na "acha" kwa kauli bali kwa maana. Anayetelekeza bado ana wajibu au umiliki: mzazi hutelekeza familia, mwenye shamba hutelekeza shamba. Mpita njia hawezi kutelekeza shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo dai la pili ni zito zaidi: kampuni ilibaki na haki zote za michezo ya zamani huku, kwa miaka kadhaa, ikiwa haifanyi nayo mengi. Kompyuta zilibadilika, na michezo ya miaka ya 1990 haikuendeshwa tena kwa urahisi kwenye mashine mpya. Waliojaza pengo hilo ni watu wa kujitolea, walioanza mwaka 2001 kutengeneza programu ya bure iitwayo ScummVM, inayowezesha michezo hiyo kuchezwa kwenye mashine za leo. Haki inataka niongeze kwamba mwaka 2009 LucasArts yenyewe ilitoa upya The Secret of Monkey Island kwa picha na sauti mpya. Utelekezaji ulikuwepo, lakini haukuwa wa milele.

Kuachia. Kauli ya kutendea huleta mshiriki mpya, yaani mpokeaji. "Aliacha nyumba" inaweza kuwa hasara. "Aliwaachia watoto nyumba" ni urithi. Tofauti yote imo katika irabu moja. Tuchukue Sam & Max tena. Wahusika hao waliumbwa na Steve Purcell katika katuni kabla ya kuingia kwenye mchezo. Haki ya LucasArts ya kuwatumia ilipokwisha mwaka 2005, wahusika walirudi kwa mwenyewe. Wakati huo baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wa LucasArts walikuwa wamekwisha kuanzisha Telltale, mwaka 2004. Mwaka 2006 walianza kutoa vipindi vipya vya Sam & Max. Mchezo uliofutwa haukufufuka, lakini mfululizo uliendelea, kwa sababu ulikuwa na mtu wa kuachiwa. Grim Fandango nayo ilitolewa upya na Double Fine mwaka 2015, baada ya makubaliano na wenye haki.

Ndiyo maana naona dai la haki la mashabiki lilikuwa la tatu: ukiacha, waachie wengine. Wao wenyewe, hata hivyo, walipenda zaidi kulipaza la kwanza.

6. Mipaka ya "yetu"

Kuna hatari upande wa pili. Mtu aliyezoea kuwa mtenda ndani ya mchezo anaweza kujiona mtenda nje yake pia, na "mchezo wangu" ukabadilika kutoka mapenzi na kuwa hati ya umiliki. Mwaka 2022 Ron Gilbert alirudi na Return to Monkey Island, jambo ambalo mashabiki walilisubiri kwa miaka 30. Picha za kwanza zilipoonyeshwa, mtindo wake wa uchoraji haukuwapendeza baadhi yao, na matusi waliyomtupia yalikuwa makali hadi akaacha kuandika hadharani kuhusu mchezo huo kabla haujatoka. Waliolia kwamba wameachwa walimshambulia aliyerudi.

Kisarufi, kosa lao linaonekana wazi. Anayeachiwa ni mpokeaji, na mpokeaji hageuki kuwa mwenye amri juu ya aliyempa. Kutosikia hata sauti ya mtoaji ni jambo moja. Kudai kumwekea maneno kinywani ni jambo jingine.

7. Hitimisho

Sijadai kwamba Kiswahili kimetatua ugomvi wa Wamarekani. Nimeonyesha kwamba mnyambuliko tunaofundishwa kama jedwali la kukariri unaweza kuwa kifaa cha kuuliza maswali matatu kwa mpangilio: nani alitenda, nani alipoteza, na nani alipaswa kupokea. Maswali hayo yanafaa popote kitu kinapoachwa: gazeti linapokufa, kikundi cha muziki kinapovunjika, au kamusi inapokosa kuchapishwa tena.

Maswali kwa darasa

(i) Tafuta tangazo la kufungwa kwa huduma yoyote. Orodhesha viima vyake vyote. Je, watumiaji wa huduma wamo?
(ii) Eleza tofauti ya maana kati ya "tumeachiwa mchezo" na "tumeachiwa mzigo". Je, kauli ya kutendea ina wema ndani yake, au wema hutoka kwenye nomino?
(iii) Kusanya mifano ya kiambishi ba- kisichotaja mtu maalumu katika mazungumzo ya mtaani kwako. Ni wakati gani msemaji hukichagua badala ya kauli ya kutendwa, na huwa anamwogopa nani?