Saa Tatu Asubuhi, Uso Kaskazini

Myahudi anayetoka Mbale ya Uganda, kwa jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, akashika njia ya Nairobi kupitia Kakamega, saa za sala anazo mkononi. Dini yake huhesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, kama Waswahili, na siku mpya huingia jua likitua, kama kwa wazee wa pwani, wanaosema usiku wa Jumamosi wakikusudia Ijumaa jioni. Sala ya Shema ya asubuhi isomwe kabla saa ya tatu haijaisha. Ulaya ingebidi utafute jedwali, mchana wa kiangazi ukirefuka na wa baridi ukifupika. Huku karibu na ikweta haubadiliki. Tena Kakamega iko magharibi mwa Kenya, jua huchelewa mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini au hata hamsini. Ukimaliza Shema saa tatu kamili, umewahi.

Dira ya kutafutia Yerusalemu, ambako uso huelekezwa kwenye sala, nayo iache. Yerusalemu iko kaskazini ya Kakamega, karibu mstari ulionyooka. Asubuhi jua likiwa bega la kulia, umeelekea. Ukiwa lojing yenye choo ndani ya chumba, funga kwanza mlango wa choo ndipo usali.

Tefilat Haderekh, sala ya safari, usiisome stejini, matatu ikingoja abiria wawili wa mwisho na muuza njugu kaingiza mkono dirishani. Hapo bado hujasafiri. Ukitoka Kakamega kuelekea Webuye, ngoja upite Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na nyumba zianze kuachana. Husomwa mara moja kwa siku, na kuisoma umekaa kitini si kosa. Maneno yake yako kwa wingi, nami humtia humo dereva pamoja na kondakta wake. Safari isiyofika parsa moja, kama kilomita 4, haiihitaji.

Watu kumi wa kusali jamaa utawapata Nabugoye, kwa Abayudaya, au sinagogi la Nairobi. Njiani uko peke yako, basi ruka Kadishi na Kedusha, sala zinazohitaji hao kumi.

Wanaoharibikiwa ni wa Ijumaa. Foleni ya malori mpakani Malaba haijui Sabato, na matatu haiondoki mpaka ijae. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kutua, na miezi mingine hapa hiyo ni saa kumi na mbili na dakika kumi. Saa tisa ikikukuta Kakamega, chukua chumba, nunua chakula cha kesho, ulale.

Mpaka wenyewe hauna neno. Kenya na Uganda saa ni moja, na sikukuu hushikwa siku mbili pande zote. Mambo hubadilika ukipanda ndege kwenda Israeli, ambako sikukuu nyingi ni siku moja na ombi la mvua katika sala huanza tarehe 7 Marheshvani. Kwingine kote huanza jioni ya Desemba 4 au 5. Anayesafiri katikati ya tarehe hizo amuulize rabi wake kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu marabi hawakukubaliana.

Ombi hilo hukoma Pasaka, masika ya huku yakiwa ndiyo kwanza yanashika kasi. Yakichelewa na mahindi yakaanza kujikunja, mkulima huomba mvua yake katika baraka ya Shomea Tefila, ambamo kila mtu huruhusiwa kutia haja zake.