Elimu ya Uraia: Wageni wa Duru ya Pili

Jumatatu, Januari 4, 2021, jimbo la Georgia nchini Marekani lilipokea rais aliyekuwa akiondoka mamlakani na rais mteule kwa siku moja. Joe Biden alihutubia wafuasi wake Atlanta. Jioni, Donald Trump akawahutubia wake Dalton, kaskazini mwa jimbo. Siku iliyotangulia, makamu wa rais mteule, Kamala Harris, alikuwa Savannah. Wote walikuwa wakiomba kura za uchaguzi uliopangwa kufanyika kesho yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mpiga kura wa Georgia. Trump alikuwa ameandikishwa Florida, Biden Delaware, Harris California.

Kilichowapeleka huko ni duru ya pili ya uchaguzi wa maseneta. Kila jimbo la Marekani, liwe kubwa au dogo, huwa na maseneta wawili wanaohudumu kwa miaka sita. Katika majimbo mengi anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, hata kama hakufikisha nusu. Georgia haiko hivyo. Huko mgombea asipopata zaidi ya asilimia 50 katika uchaguzi mkuu, wawili walioongoza hurudi debeni peke yao.

Sheria hiyo ina historia isiyopendeza. Kwa miaka mingi chama tawala cha Georgia kiliteua wagombea wake kwa kuhesabu pointi za kaunti badala ya kura za watu, na kaunti ndogo za mashambani zikawa na uzito kuliko Atlanta na wakazi wake wengi. Mwaka wa 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuharamisha mpango huo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria ya duru ya pili. Denmark Groover, mbunge aliyekuwa mstari wa mbele kuitetea, alikiri miaka ya baadaye kwamba alikuwa na ubaguzi wa rangi. Hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba kura za Wazungu zingegawanyika kati ya wagombea wengi, na aliyeungwa mkono na Waafrika-Wamarekani akapita katikati. Kwamba mhubiri mweusi, Raphael Warnock wa kanisa la Ebenezer alilohubiri Martin Luther King, angeshinda kiti cha useneta mara mbili kupitia duru hiyo hiyo, si jambo ambalo waliotunga sheria walilitazamia.

Ugumu wa duru ya pili haumo katika hesabu ya asilimia. Umo katika uchovu. Mwananchi amekwisha kupanga foleni mara moja. Rais amekwisha kupatikana, mabango yameanza kuchanika, na watu wamerudi kazini. Kisha anaambiwa arudi kituoni kwa ajili ya kiti kimoja. Wengi hawarudi. Kwa hiyo kazi ya kampeni hubadilika. Katika duru ya kwanza mgombea hutafuta kuwashawishi watu waliositasita. Katika duru ya pili kazi kubwa ni kuwakumbusha wale wale waliompigia kura mwezi uliopita kwamba haijaisha. Anayechagua mgeni wa kumwalika hutafuta mtu ambaye jina lake litawatoa watu nyumbani.

Je, mgeni huleta watu vituoni kweli? Georgia imejaribu mara kadhaa, na majibu hayafanani.

Mwaka wa 1992 seneta wa chama cha Democratic, Wyche Fowler, aliongoza duru ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 49 lakini hakufika 50. Bill Clinton alikuwa ametoka tu kushinda urais, na alikuwa ameshinda Georgia yenyewe kwa kura chache. Alikwenda mwenyewe kumfanyia Fowler kampeni siku moja kabla ya kura ya Novemba 24. Haikutosha. Kura zilizopigwa zilishuka kutoka zaidi ya milioni 2.2 hadi takriban milioni 1.25, na Paul Coverdell wa Republican akashinda kwa kura zipatazo 16,000. Aliyekuwa nyuma mapema Novemba alikuwa mbele kabla mwezi huo haujaisha, na upungufu wa wapiga kura ulikuwa mkubwa mno kuliko pengo lililoamua mshindi.

Mwaka wa 2008 hadithi ilijirudia, safari hii kwa ukali zaidi. Saxby Chambliss wa Republican alipata asilimia 49.8 na Jim Martin wa Democratic 46.8. Mgombea wa chama kidogo cha Libertarian alichukua kiasi cha asilimia tatu, na hicho kidogo ndicho kilichowanyima wote ushindi. Wageni walimiminika. John McCain, aliyekuwa ameshindwa urais wiki chache tu nyuma, alikwenda kwa Chambliss. Bill Clinton na Al Gore wakaenda kwa Martin. Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa McCain, alizunguka miji minne kwa siku moja, mkesha wa kura, na umati ukajaa kila mahali. Barack Obama, rais mteule, hakwenda. Alirekodi tangazo la redio tu.

Matokeo ya Desemba 2 yanafaa kusomwa polepole. Chambliss alikuwa na kura zipatazo milioni 1.87 mwezi Novemba. Katika duru ya pili alipata milioni 1.23, yaani alipoteza karibu theluthi moja ya watu wake. Martin alitoka milioni 1.76 hadi takriban 910,000. Karibu nusu ya waliompa kura Novemba hawakurudi. Hakuna ushahidi kwamba watu wengi walibadili mawazo. Walibaki nyumbani. Wengi wa waliokwenda kituoni Novemba kwa Martin walikuwa wamevutwa na Obama aliyekuwa kwenye karatasi hiyo hiyo ya kura, na jina hilo lilipoondoka, hamu nayo iliondoka. Kama Obama angekwenda mwenyewe, huenda pengo lingepungua, lakini pointi 15 si pengo la kuzibwa na hotuba moja.

Ndipo ikaja Januari 2021, na safari hii viti vyote viwili vya Georgia vilikuwa kwenye duru ya pili kwa pamoja. David Perdue wa Republican alikuwa amepata asilimia 49.7 dhidi ya Jon Ossoff. Katika kiti cha pili, kilichokuwa na wagombea 20, Warnock alikuwa ameongoza akifuatwa na Kelly Loeffler. Vyama vikubwa vilikuwa vimekaribiana katika Seneti kiasi kwamba Democratic wakishinda vyote viwili wangefikisha 50 kwa 50, na makamu wa rais ndiye angevunja usawa huo. Ndiyo maana viongozi wa taifa zima waliacha kila kitu wakaelekea Georgia, na mamia ya milioni ya dola yakamwagwa katika matangazo.

Watu waliojitokeza walikuwa wengi kuliko katika duru yoyote ya pili iliyowahi kufanyika katika jimbo hilo, takriban milioni 4.48, wakati Novemba walikuwa karibu milioni 5. Ossoff alishinda kwa asilimia 50.6 na Warnock kwa 51.

Hata hivyo, si kila ziara ilimfaa aliyeifanyiwa. Trump alifika Valdosta Desemba 5 na Dalton Januari 4. Katika mikutano yote miwili aliwaomba watu wawapigie kura Perdue na Loeffler, na papo hapo akawaambia kwamba uchaguzi wa Novemba, ambao alishindwa Georgia kwa kura 11,779, ulikuwa wa wizi. Kura za Georgia zilihesabiwa mara tatu, na mara zote mshindi akawa yule yule. Sasa mtu anayemwamini kiongozi wake akiambiwa kura yake iliibiwa, atasimama foleni tena kwa sababu gani? Mawakili wawili waliokuwa wakimuunga mkono walikwenda mbali zaidi. Katika mkutano wa Alpharetta mwanzoni mwa Desemba waliwaambia watu wasipige kura mpaka mfumo ubadilishwe. Baada ya uchaguzi, uchambuzi wa orodha za wapiga kura ulionyesha kwamba zaidi ya watu 750,000 waliopiga kura Novemba hawakurudi Januari, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika ngome za Republican. Upande wa pili, zaidi ya watu 200,000 ambao hawakupiga kura Novemba walijitokeza Januari.

Hao 200,000 hawakuletwa na Biden kwa ndege. Wengi walitafutwa nyumba kwa nyumba na kwa simu na makundi ya wenyeji, yakiwemo yaliyoanzishwa na Stacey Abrams, mwanasiasa wa Georgia aliyeshindwa ugavana mwaka wa 2018. Makundi hayo yaliandikisha watu kwa miaka kadhaa kabla ya kamera kufika. Siku za mwisho za kujiandikisha zilikuwa mpaka Desemba 7, na upigaji kura wa mapema ulianza Desemba 14. Kufikia Januari 5 yenyewe, watu wapatao milioni 3 walikuwa wamekwisha kupiga kura. Kwa hesabu hiyo, mikutano ya mkesha iliyooneshwa kwenye televisheni za dunia ilikuwa ikizungumza na sehemu ndogo ya wapiga kura waliobaki.

Kulikuwa pia na mgeni wa aina nyingine. Baadhi ya watu wa majimbo mengine walianza kusema hadharani kwamba wangehamia Georgia ili wapige kura, kisha warudi kwao. Ofisi ya jimbo inayosimamia uchaguzi ilitoa onyo kwamba kufanya hivyo ni kosa la jinai lenye kifungo. Andrew Yang, aliyewahi kuwania tiketi ya urais, alitangaza kuhamia huko kusaidia kampeni, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Kuomba kura katika jimbo la wengine ni haki. Kuipiga bila kuwa mkazi si haki.

Baada ya uchaguzi huo, Georgia ilibadilisha sheria. Muda kati ya duru mbili ulipunguzwa kutoka wiki tisa hadi nne. Mwaka wa 2022 Warnock alirudi debeni dhidi ya Herschel Walker, na siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa duru ya Desemba 6 ilikuwa Novemba 7, yaani siku moja kabla hata ya duru ya kwanza. Mlango wa wapiga kura wapya ulikuwa umefungwa kabla mtu yeyote hajajua kama kutakuwa na duru ya pili. Obama alifika Atlanta Desemba 1. Biden hakwenda Georgia. Alisaidia kupiga simu akiwa Boston. Trump naye alifanya mkutano wa simu tu. Inaonekana kila upande ulikuwa umejifunza kwamba mgeni asiyependwa huamsha wapinzani pia. Warnock alipoteza kura kama 125,000 kati ya duru hizo mbili, Walker akapoteza kama 187,000, na Warnock akashinda kwa asilimia 51.4.

Mkazi wa kaunti hii anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Kenya nayo ina duru ya pili katika Katiba, ila kwa urais peke yake. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA huchaguliwa kwa wingi wa kura, hata wakipata asilimia 30. Kwa urais, Kifungu cha 138 kinataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Asipopatikana, wawili walioongoza wanarudi debeni ndani ya siku 30, na safari hiyo anayepata kura nyingi ndiye rais.

Hatujawahi kufika huko, lakini tumepita karibu. Mwaka wa 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na mwaka wa 2022 kwa asilimia 50.49. Uchaguzi wa Oktoba 26, 2017 haukuwa duru ya pili. Ulikuwa marudio yaliyoamriwa na Mahakama ya Juu, na upinzani uliususia. Hata hivyo ni mara pekee ambapo Wakenya wameitwa tena kituoni kumchagua rais katika miezi hiyo hiyo, na waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 40.

Duru ya pili ikiwahi kutokea hapa, nchi nzima itakuwa eneo moja la uchaguzi, tofauti na Georgia. Mwanasiasa atakayetoka kaunti nyingine kuja uwanjani hapa atakuwa na kura yake, ataipiga kwenye kituo chake siku hiyo hiyo. Hali inayofanana zaidi na ya Georgia ni chaguzi ndogo, pale magavana, wabunge na mawaziri wa sehemu nyingine wanapopiga kambi katika eneo bunge au wadi moja kwa wiki kadhaa. Huko, kama Dalton na Savannah, anayehutubia anaondoka na gari lake jioni na uamuzi unabaki kwa walio kwenye sajili ya eneo hilo.

Na kuhusu sajili, Sheria ya Uchaguzi inasimamisha uandikishaji siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu au duru ya pili ya urais. Kwa kuwa duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30 baada ya ya kwanza, hakuna jina jipya litakaloongezwa kati ya duru hizo mbili. Anayetaka kupiga kura katika duru ya pili lazima awe alijiandikisha kabla ya ile ya kwanza, na atapigia kwenye kituo kile kile alichoandikishwa, akiwa na kitambulisho au pasipoti aliyotumia kujiandikisha. Aliyehama kikazi au kwa ndoa anaweza kuomba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) imhamishie kituo, lakini ombi hilo nalo hupokelewa wakati uandikishaji ungali wazi.