Kompyuta Ihesabu Siku, Sisi Tuwatunze Watu

SOMO LA ROBO HII
Kwa ajili ya kamati za parokia na wafadhili wetu



Katika zahanati, shule za awali na miradi ya maji ya parokia zetu wapo watu wanaofanya kazi kila siku kwa niaba yetu: wauguzi, walimu, mafundi, wapishi na walinzi. Tukiulizwa mifuko ya saruji iliyobaki stoo, tuna jibu. Tukiulizwa ni lini muuguzi wa zamu ya usiku alienda likizo mara ya mwisho, wengi wetu tutanyamaza.

Lengo la somo: Tuone jinsi kompyuta na simu zinavyoweza kurahisisha utunzaji wa wafanyakazi wetu, na kuhakikisha muda unaookolewa unarudi kwa wafanyakazi wenyewe.

1. Neno la kutuongoza

Tusome Kutoka 18:13-27. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, mkwewe, aliona kwamba Musa na watu wote watachoka. Akamshauri achague watu waaminifu, wawe wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Huo ulikuwa utaratibu mpya wa kazi, na shabaha yake ilikuwa nafuu ya watu.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu anayefanya kazi ana hadhi kuliko mtaji na vyombo vyote. Hicho ndicho kipimo chetu: chombo kinamtumikia nani?

2. Tatizo lilipo

Tuchukue mfano wa zahanati yenye wafanyakazi 9. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Wafanyakazi 9 wana jumla ya siku 252, sawa na kukosa mtu mmoja kwa zaidi ya miezi 8 kila mwaka. Mama anayejifungua ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kamati isiyopiga hesabu hii hushangaa Desemba wote wanapoomba ruhusa pamoja. Au mbaya zaidi, wale wapole hawaombi kabisa, na sisi tunawasifu kwa moyo wa kujitoa.

Vivyo hivyo kwa michango ya NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Isipopelekwa, hakuna anayesikia maumivu leo. Maumivu huja siku mlinzi mzee anapostaafu na kukuta akiba yake ina mapengo ya miaka.

3. Hatua tano

(a) Safisheni mafaili kwanza. Kila mfanyakazi awe na mkataba, maelezo ya kazi, vyeti na fomu za likizo. Faili lililovurugika likiingizwa kwenye kompyuta, linabaki limevurugika. Sheria inataka maelezo ya ajira yatunzwe hata miaka 5 baada ya mtu kuacha kazi.

(b) Tengenezeni jedwali moja. Kwa watu 9 jedwali la Excel linatosha: jina, tarehe ya kuajiriwa, mwisho wa mkataba, mwisho wa leseni, siku za likizo zilizobaki, mwezi wa mwisho wa mchango kupelekwa. Jimbo lenye hospitali na mamia ya wafanyakazi linaweza kufikiria programu kubwa zaidi kama iHRIS, ambayo ni programu huria isiyo na ada ya leseni.

(c) Kila mfanyakazi aone taarifa zake. Kila robo mwaka mchapieni ukurasa wake, ausome, asahihishe, atie sahihi. Anayesoma kwa shida asomewe faraghani. Asaidiwe pia kuangalia michango yake NSSF kwa simu au mtandao.

(d) Wekeni vikumbusho. Simu ya mganga mfawidhi iwakumbushe mapema leseni inapokaribia kuisha au mtu anapofikisha miezi 11 bila likizo. Mishahara ipite benki au kwa simu, na kila mmoja apewe hati ya mchanganuo wa malipo.

(e) Muda uliookolewa urudi kwa watu. Hii ndiyo hatua inayosahaulika. Kiongozi aliyekuwa akitumia siku mbili kutafuta karatasi sasa akae na kila mfanyakazi nusu saa kila robo mwaka: Kazi inakwendaje? Nini kinakulemea? Unataka kujifunza nini?

4. Tahadhari

Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Orodha ile ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Lakini kompyuta haiendi msibani. Haijui nani amefariki, amestaafu au ameacha kazi mpaka mtu aiambie. Mfumo wowote unahitaji mtu mwaminifu anayefika kituoni.

Vilevile mashine ya mahudhurio itaandika kwamba muuguzi amechelewa saa mbili. Haitaandika kwamba alikesha na mama mwenye uchungu hadi alfajiri. Kabla ya kutoa onyo, ulizeni.

Tatu, siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inatuhusu sisi pia. Taarifa za afya na mshahara wa mtu zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kompyuta iwe na neno la siri, na nakala ya akiba ifungiwe mahali pengine.

5. Neno kwa wafadhili wetu

Kompyuta ni sehemu ndogo ya gharama. Mafunzo, umeme, matengenezo na mtu wa kuingiza taarifa ndivyo vinavyodumisha mfumo. Tunaomba pia bajeti za miradi ziweke fungu la mtu wa kushika zamu wakati wa likizo; bila fungu hilo, siku 28 hubaki kwenye karatasi.

Tukumbuke pia kwamba iHRIS ilijengwa kwa fedha za USAID, shirika ambalo Serikali ya Marekani ililifunga mwaka 2025. Kwa kuwa programu ni huria, mwenye taarifa zake na fundi wake anaweza kuendelea. Kwa hiyo, katika kila mkataba wa ufadhili, taarifa za wafanyakazi zibaki mali na dhamana ya kituo chenyewe.

6. Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chetu, nani hajaenda likizo kwa zaidi ya mwaka mmoja? Kwa nini?
2. Mchango wa mwisho wa NSSF ulipelekwa mwezi gani? Nani amethibitisha?
3. Wafanyakazi wetu wanaweza kuona taarifa tunazowaandikia?
4. Tukiokoa siku mbili kwa mwezi, tutazitumiaje kwa ajili yao?

Azimio: Kabla ya kikao kijacho, kila kamati ijaze jedwali la hatua (b) na kulileta mezani. Panapoonekana pengo la likizo au michango, liandikiwe tarehe ya kuzibwa na jina la mhusika.

Mungu awabariki ninyi na wote wanaofanya kazi mikononi mwenu.