Mwalimu Robinson na vijana wa Grambling

1. Nchi ya pamba

Upande wa kusini wa Marekani kuna jimbo liitwalo Louisiana. Ni nchi ya joto, yenye mito mikubwa na mabwawa. Pamba na miwa huota vizuri huko. Zamani watu weusi walichukuliwa Afrika kwa nguvu, wakapelekwa huko kuwa watumwa wa mashamba. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini shida haikuisha pamoja nao. Watu wengi waliofunguliwa hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri, na siku ya mavuno waligawana naye pamba. Mara nyingi sehemu yao haikutosha hata kulipa madeni.

Katika jamaa ya namna hiyo alizaliwa Eddie Robinson, tarehe 13 Februari 1919, katika mji mdogo wa Jackson. Baba yake alilima pamba. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Baadaye jamaa yote ilihamia Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo, na huko Eddie akasoma. Alipokuwa bado mtoto shuleni, alimwona mwalimu wa mpira akitembea na vijana wake. Wale vijana walikuwa na adabu, nao walimsikiliza mwalimu wao. Eddie akasema moyoni kwamba yeye naye atakuwa mtu wa namna ile.

2. Mpira wa Wamarekani

Mpira wa Wamarekani si kama mpira wetu wa miguu. Mpira wao si wa mviringo. Umechongoka pande mbili kama yai lenye ncha mbili. Wachezaji wa kila kundi ni 11. Huushika mpira kwa mikono, hukimbia nao, au humtupia mwenzao. Adui huwakamata na kuwaangusha. Kwa hiyo huvaa kofia ngumu kichwani na magodoro madogo mabegani.

Kundi lenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10, ndiyo karibu mita 9. Likifaulu, hupewa nafasi nyingine 4. Lisipofaulu, adui huchukua mpira. Mchezaji akifika na mpira mpaka mwisho wa kiwanja, kundi lake hupata alama 6. Basi, katika mchezo huu mtu hawezi kushinda peke yake. Mmoja anakimbia na mpira, wengine kumi wanamfungulia njia. Mmoja akisahau kazi yake, wote wanaanguka.

3. Mwalimu mwenye kazi kumi

Mwaka 1941 Robinson alimaliza masomo ya chuo. Alikuwa na miaka 22, naye alikuwa amekwisha kuoa. Kwanza alipata kazi katika kinu cha kusaga chakula cha wanyama, akilipwa senti 25 kwa saa. Kisha akasikia habari ya chuo kidogo cha watu weusi katika kijiji cha Grambling, kaskazini ya Louisiana. Chuo kile kilitafuta mwalimu wa mpira. Robinson akaenda, akakubaliwa. Mshahara wake ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi.

Alipofika, alikuta kazi nyingi na mali kidogo. Hakuwa na msaidizi wa kulipwa. Vyombo vya mchezo vilikuwa vichache. Basi alikata majani ya kiwanja mwenyewe. Alichora mistari mwenyewe. Kijana akiteguka mguu, alimfunga kitambaa mwenyewe. Wakati wa mapumziko ya mchezo, aliongoza wasichana waliocheza ngoma mbele ya watu. Mchezo ulipokwisha, aliandika habari zake na kuzipeleka kwa magazeti, maana hakuna mwandishi aliyekuja Grambling.

Mwaka ule wa kwanza, kundi lake lilishinda mara 3, likashindwa mara 5. Robinson hakukata tamaa, wala hakuwatukana vijana. Aliwafundisha tena tangu mwanzo: namna ya kusimama, namna ya kushika mpira, namna ya kumfungulia mwenzako njia. Jambo likikosewa, walilirudia mpaka likae sawa.

Mwaka 1942 kundi lilicheza mara 9 na kushinda mara 9. Tena katika michezo ile yote hakuna adui aliyepata hata alama moja! Watu wengi walistaajabu. Lakini wale walioona mazoezi ya kila siku hawakustaajabu. Bandu bandu huisha gogo.

4. Siku za kuvuna pamba

Wakati ule vita kuu ya pili ilikuwa inaendelea duniani. Vijana wengi waliitwa kuwa askari, na chuo kikakosa wachezaji. Mwaka 1943 Robinson akafundisha watoto wa shule ya sekondari ya pale Grambling.

Kundi lile lilikuwa jema, nalo lilitumaini kushinda shule nyingine zote za watu weusi za jimbo. Lakini wakati wa pamba ukafika. Baba wa wachezaji wawili akawaondoa wanawe katika mchezo. Shamba lilikuwa jeupe kwa pamba, na mikono ilikuwa haba. Pamba ikikaa sana shambani, mvua huiharibu, na jamaa hukosa fedha ya mwaka mzima.

Mwalimu angeweza kufanya nini? Angeweza kugombana na yule baba. Lakini baba alikuwa na haki: watoto wake walihitaji kula. Mwalimu angeweza pia kuwaacha wale wawili na kutafuta wengine. Robinson hakufanya hivyo. Aliwapandisha wachezaji wote katika motokari ya shule, wakaenda shambani. Kundi zima likainama, likachuma pamba pamoja na wale wenzao wawili. Kazi ilipokwisha, baba aliwarudisha wanawe katika mchezo. Na mwaka ule shule ile ilipata ushindi uliokuwa ukingojewa.

Tangu siku zile, vijana walifahamu jambo moja. Kwa mwalimu wao, kundi si watu 11 wa kiwanjani tu. Shida ya mmoja ni shida ya wote.

5. Milango iliyofungwa

Baada ya vita, vijana walirudi chuoni, na kundi likaanza kusafiri mbali. Safari zile hazikuwa rahisi. Katika majimbo ya kusini, sheria iliwatenga watu weusi na weupe. Hawakusoma katika shule moja. Hawakula katika hoteli moja. Mtu mweusi aliyesafiri siku nzima aliweza kupita mbele ya hoteli kumi, akasikia harufu ya chakula, wala asiruhusiwe kuingia hata katika moja. Ni katika mwaka 1964 tu sheria ya nchi ilipokataza kabisa kumfungia mtu mlango wa hoteli kwa sababu ya rangi yake.

Robinson hakutaka vijana wake waaibishwe njiani. Kabla ya safari alitengeneza mikate yenye nyama ndani, akaipanga katika motokari. Njaa iliposhika, walikula njiani, wakaendelea na safari.

Chuoni nako alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa mzazi. Asubuhi alipita katika nyumba za kulala, akipiga kengele. Hakuwaamsha kwa ajili ya mpira. Aliwaamsha ili waende kalasini, na siku ya Mungu waende kusali. Alitaka wajue kuvaa vizuri, kusema na watu kwa heshima, na kukaa mezani kwa adabu. Aliwaambia kwamba miguu huchoka na mchezo huisha, lakini mtu aliyesoma anabaki na kitu.

6. Mlango wa kwanza unafunguka

Katika Marekani kuna makundi makubwa ambayo wachezaji wake hulipwa mshahara. Mpaka mwaka 1949, ligi yao kubwa haikuwa imechukua mchezaji hata mmoja kutoka katika vyuo vya watu weusi. Mwaka ule kundi la Los Angeles lilimwita Paul Younger wa Grambling, kijana mwenye nguvu nyingi.

Kabla hajaondoka, Robinson alimweleza kwamba hachezi kwa ajili yake peke yake. Akishindwa, wakubwa wa mpira watasema kwamba vyuo vya watu weusi havina wachezaji, na mlango utafungwa tena kwa muda mrefu. Mzigo ule ulikuwa mzito kwa kijana mmoja. Younger akaubeba. Alicheza miaka 10, na nyuma yake wakaja wengine. Kwa jumla, vijana zaidi ya 200 wa Robinson waliingia katika makundi yale makubwa.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki umefungwa. Katika kila kundi yuko mchezaji aitwaye kwotabeki. Ndiye anayepokea mpira kwanza. Kwa nukta chache huangalia adui, huamua, kisha hutupa mpira au humpa mwenzake. Ndiye kichwa cha kundi. Watu wengi walisema kwamba mtu mweusi anaweza kukimbia na kupigana, lakini hana akili ya kuwa kwotabeki. Kijana mweusi aliyeijua kazi ile chuoni, akifika katika makundi ya mshahara, aliwekwa mahali pengine.

Robinson hakujibu kwa maneno. Alijibu kwa kufundisha. Alimtayarisha kijana aitwaye James Harris, akamfundisha kutupa mpira na kusoma mawazo ya adui, kama vile makundi makubwa yalivyotaka. Mwaka 1969 Harris aliingia katika kundi la Buffalo, na katika mchezo wa kwanza wa mwaka ule yeye ndiye aliyeanza kama kwotabeki.

Baada ya Harris akaja Doug Williams, naye mwanafunzi wa Grambling. Tarehe 31 Januari 1988 Williams aliongoza kundi la Washington katika mchezo mkubwa kuliko yote ya Marekani, ule wa kumtafuta bingwa wa mwaka. Mwanzoni Washington walikuwa nyuma, alama 0 kwa 10. Lakini katika robo ya pili Williams alitupa mipira minne iliyofika mwisho wa kiwanja mikononi mwa wenzake, na kundi likapata alama 35. Mwisho Washington walishinda, alama 42 kwa 10. Williams alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda mchezo ule, naye alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku ile. Tangu siku ile, yale maneno ya zamani yalikosa nguvu.

7. Hesabu ya mwisho

Tarehe 5 Oktoba 1985, katika mji wa Dallas, Grambling walishinda tena. Ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson. Kabla ya siku ile, hakuna mwalimu wa mpira wa vyuo vya Marekani aliyezidi 323. Mwalimu aliyeanza kwa kukata majani ya kiwanja alikuwa amewapita wote.

Lakini kila mti una majira yake. Robinson alizeeka, na vijana hodari sasa waliitwa na vyuo vikubwa ambavyo zamani viliwafungia mlango. Katika miaka mitatu ya mwisho, Grambling walishindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda. Watu wengine walitaka mzee aondoke mara moja. Wengine walisikitika, wakaomba apewe mwaka mmoja wa kuaga. Akapewa. Mwaka 1997 aliacha kazi, baada ya kufundisha chuo kimoja tu katika maisha yake yote. Hesabu yake ilikuwa hivi: alishinda mara 408, alishindwa mara 165, na mara 15 makundi yalilingana. Mwanafunzi wake Doug Williams akachukua mahali pake.

Mwaka 2003 mwalimu mwingine, John Gagliardi wa jimbo la Minnesota, aliipita hesabu ile ya ushindi. Ndivyo ilivyo: kila hesabu hupitwa siku moja. Eddie Robinson alikufa tarehe 3 Aprili 2007, akiwa na miaka 88. Aliacha nyuma yake wanaume wengi waliokuwa watoto wa mashamba ya pamba, ambao aliwaamsha kwa kengele, akawalisha mikate njiani, akawafanya kuwa watu wazima. Wengine walipata sifa katika mpira. Wengi hawakujulikana na mtu, lakini walifanya kazi zao vizuri na kulea watoto wao.

Maulizo

1. Wazazi wa Eddie Robinson walifanya kazi gani?
2. Mpira wa Wamarekani na mpira wa miguu hutofautiana kwa mambo gani? Taja matatu.
3. Mwaka 1941 Robinson alifanya kazi gani zaidi ya kufundisha mpira?
4. Kwa nini baba wa wachezaji wawili aliwaondoa katika mchezo? Je, alikuwa na haki? Eleza.
5. Kwa nini Robinson alitengeneza mikate kabla ya safari?
6. Kwotabeki ni nani? Watu walisema nini juu ya mtu mweusi na kazi ile, na Robinson alijibu namna gani?
7. Fanya hesabu: Kundi la Robinson lilicheza michezo mingapi kwa jumla? (Ushindi 408, kushindwa 165, kulingana 15.)
8. Andika mistari sita: namna gani wanafunzi wa kalasi moja wanaweza kumsaidia mwenzao ambaye kazi ya nyumbani inamzuia kusoma?